Mtu Mmoja, Siku Tatu

Pikapu ya kijani ya Verna Sobotka ilikuwa imeegeshwa vizuri, magurudumu yote manne ndani ya mistari, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Marlys Tveit aliliandika kwenye daftari lake. Kituo cha zamani cha reli cha Hegg. Jumatatu, saa nne na robo asubuhi. Milango haikufungwa. Funguo juu ya tairi la mbele la kushoto.

"Unaandika nini?" Darrell Sobotka alifoka. "Mama yangu ametekwa, wewe unaandika alivyoegesha gari!"

"Naandika kila kitu, Darrell. Rudi nyuma hatua mbili, umesimama juu ya changarawe ninayotaka kuitazama."

Darrell akarudi nyuma. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, bado amevaa viatu vyeupe vya mpira vya kiwanda cha jibini. Kila siku saa mbili asubuhi, akitoka zamu, alipita kwa mama yake kunywa kahawa. Leo alikuta kitanda kimetandikwa, birika limepoa na nyumba haina mtu. Dereva wa lori la maziwa ndiye aliyemwambia kwamba alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, aliiona pikapu ya Bi Verna hapa kituoni, na kando yake gari la bluu la Otis Rehbein.

"Otis," Darrell alisema. "Unamjua Otis."

"Namjua. Mimi ndiye niliyemkamata."

"Basi unangoja nini?"

Marlys alivuta glavu mfukoni. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpelelezi wa kaunti hii, na kwa kumi na mitano ya mwisho alikuwa mpelelezi wake wa pekee. Alivaa glavu, akainama ndani ya gari. Chini ya kiti cha dereva palikuwa na simu, imezimwa, imefungwa ndani ya soksi ya sufi. Mahali pa kuwekea vikombe palikuwa na chupa ya dawa za presha. Kwenye bamba la nyuma la pikapu palikuwa na tone la damu, na kando yake kitambaa chekundu kilichochafuka damu na kitu cheusi.

"Mungu wangu," Darrell alisema alipokiona kitambaa.

"Usitazame. Nenda kanihesabie nguzo za ule uzio."

"Nguzo za nini?"

"Nenda tu."

Alipoondoka, Marlys alikikunjua kitambaa juu ya karatasi safi. Damu haikuwa imetapakaa. Ilikuwa na alama tano ndogo, zimejipanga kwa mkunjo kama meno ya mtoto, na kila alama ilizungukwa na grisi. Akakitia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akaichukua chupa ya dawa. Ilijazwa Alhamisi, vidonge thelathini. Akaitikisa. Haikutoa sauti.

"Darrell! Mama yako anakunywa vidonge vingapi kwa siku?"

"Kimoja. Na ameviacha vyote humo! Ndiyo maana nakwambia—"

"Hakuacha hata kimoja. Mtu anayetekwa hahamishi dawa zake."

Mlinzi wa njia ya baiskeli, iliyofuata reli ya zamani, alifika na ufunguo wa sanduku la chuma lililofungwa kwenye nguzo. Anayetaka kuendesha kwenye njia hii hujaza bahasha, hutia ada, huidumbukiza humo, na kipande chake hukining'iniza kwenye baiskeli. Ndani mlikuwa na bahasha nne. Tatu zilikuwa za Jumapili. Ya nne ilikuwa na namba ya pikapu ya kijani, na mwandiko wa mviringo, wa kutulia, wa mtu aliyejaza fomu nyingi maishani mwake. *Idadi ya watu: 1. Siku: 3. Jina: V. Hruska.*

Darrell aliisoma mara mbili.

"Hruska ni jina la kwao," alisema polepole. "Kabla hajaolewa. Sijawahi kumwona akiliandika."

"Mwandiko ni wake?"

"Wake." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Labda alilazimishwa."

"Nimekamata watu wabaya wengi, Darrell. Sijakutana bado na mtekaji aliyemkatia mateka wake tiketi ya siku tatu."

"Lakini mama hajui baiskeli! Ana miaka sitini na minane. Usiku huu kutakuwa na baridi ya kugandisha maji. Sijawahi kumwona juu ya baiskeli maisha yangu yote!"

Hilo Marlys aliliandika pia. Halafu akamwambia aende nyumbani kwa mama yake, akae jikoni karibu na simu, asimpigie dada yake Milwaukee mpaka aambiwe.

Otis Rehbein alikuwa na karakana ya baiskeli katika jengo lililokuwa kiwanda cha siagi. Marlys alimkuta anaweka mnyororo kwenye baiskeli ya posta, ndevu amezifunga kwa mpira ili zisiingie kwenye gia.

"Mara ya mwisho umemwona lini Verna Sobotka?"

"Habari za asubuhi na wewe, afande. Jumamosi."

"Gari lako lilionekana Hegg leo alfajiri."

"Magari ya bluu ni mengi."

"Yenye baiskeli iliyochorwa ubavuni?"

Otis akazungusha pedeli, akasikiliza mnyororo. Marlys aliuweka ule mfuko wa plastiki juu ya meza, kando ya rundo la vitambaa vyekundu vya kufutia mikono. Vilikuwa vimekatwa kutoka kwenye mashati ya kazi. Kimoja cha rundo kilikuwa na tundu la kifungo. Cha mfukoni kilikuwa na kifungo chenyewe.

"Hivi unavikata mwenyewe?"

"Unajua ninavikata mwenyewe."

"Hii damu ya nani?"

Mikono ya Otis ikasimama. Mtu aliyewahi kukaa jela miezi kumi na minne hulijua swali kama hilo hata likiulizwa kwa upole.

"Naweza kukujibu mimi," Marlys alisema. "Imetoka kwenye shavu la mguu, wa kulia. Meno matano ya gia ya mbele, na grisi. Mtu anashuka kwenye baiskeli yenye mizigo mizito, hajazoea uzito, inamlalia. Ndiyo maana nimekuja bila pingu. Sasa kaa chini uniambie."

Otis akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimeapa."

"Kwa nani?"

"Kwake. Afande, mimi niliiba baiskeli kumi na saba katika kaunti hii. Nilipotoka, watu waliniletea za kutengeneza ili tu wanione nikizirudisha. Yeye ndiye wa kwanza aliyekuja akasema, 'Otis, nifundishe.' Hakusema kitu kingine. Ilikuwa Aprili, wiki ya tatu baada ya kumzika mumewe."

"Mkafundishana wapi?"

"Hapo nyuma, kwenye malisho, jioni. Alianguka mara kumi na mbili. Tulizihesabu. Ya kumi na mbili alianguka ndani ya kinyesi cha ng'ombe, akacheka mpaka nikadhani amevunjika kitu." Otis akazivuta ndevu zake. "Leo asubuhi nilimsaidia kufunga mifuko tu. Hema, blanketi, jiko dogo, chakula. Akaumia mguu, nikaufunga. Nikamwambia, Bi Verna, tuahirishe. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wa viti vya nyuma vya basi lake la shule."

"Na simu?"

"Aliiacha makusudi. Alisema, 'Ikiwa mfukoni italia, na ikilia nitageuza.'"

"Alielekea upande gani?"

"Hilo sisemi."

"Otis."

"Nifunge. Sisemi."

Marlys akafunga daftari.

"Jalada la mtu aliyepotea halifungwi mpaka nimwone kwa macho yangu, nimuulize mwenyewe. Magari hayaruhusiwi huko. Nipe baiskeli."

"Umewahi kuendesha?"

"Nikiwa na miaka kumi na miwili."

"Haisahauliki hiyo."

"Magoti yangu yamesahau."

Pale Hegg njia ina pande mbili: magharibi kwenda mtoni, mashariki kwenda kwenye vilima na handaki la zamani la treni. Jumapili mvua ilinyesha, na udongo wa juu ulikuwa bado laini. Marlys alisukuma baiskeli ya Otis hatua hamsini kuelekea mtoni akakuta matairi membamba ya Jumapili tu, yamejaa maji. Akarudi. Upande wa mashariki kulikuwa na alama moja mpya, tairi nene, inayumba kushoto na kulia kama mshono wa mtu anayejifunza cherehani. Baada ya nusu maili ikanyooka.

Mteremko wa reli hauonekani kwa macho. Mapaja ndiyo yanayouona. Kufikia jiwe la maili ya tatu shati la Marlys lilikuwa limeloa mgongoni. Aliziona alama zote za Verna na kila moja alisimama kuiandika. Penye daraja la mbao alishuka akatembea. Penye shamba la mahindi aliegemeza baiskeli kwenye uzio, na nyasi zilikuwa zimelala mahali mtu alipokaa. Penye jiwe la maili ya sita tairi lilizunguka duara kamili, kisha duara la pili, halafu likaendelea mbele. Marlys alisimama pale muda mrefu akitafuta sababu: gari, mnyama, mtu wa pili. Hakukuwa na nyayo nyingine yoyote. Mwishowe aliandika: *Amezunguka mara mbili. Kwa raha zake.*

Jiwe la maili ya tisa lilikuwa mbele ya handaki. Milango mikubwa ya mbao ilikuwa imefunguliwa, na kutoka ndani ulikuja upepo wa baridi wenye harufu ya mawe mabichi. Kwenye benchi kando ya mlango aliketi mwanamke mnene mfupi mwenye kofia ngumu ya manjano kichwani. Bandeji ilikuwa kwenye mguu wa kulia. Baiskeli yake, iliyosheheni kama punda wa sokoni, iliegemea ukuta.

"Ulikuwa darasa la nani?" mwanamke aliuliza kabla Marlys hajashuka.

"Sikusoma huku, Bi Verna. Mimi ni Marlys Tveit, mpelelezi. Mwanangu Anders ndiye aliyepanda basi lako."

"Anders Tveit. Kiti cha nne. Alitapika kila Ijumaa." Akasogea kwenye benchi. "Darrell amekutuma."

"Darrell ametoa taarifa. Mimi nimejileta. Lazima nikuulize maswali matatu. Jina lako kamili?"

"Verna Hruska Sobotka."

"Leo siku gani?"

"Jumatatu. Soseji ya leo ni hii, ukitaka."

"Kuna mtu yeyote aliyekulazimisha kuja hapa?"

Verna akakata kipande cha mkate mweusi, akaweka soseji juu yake, akampa.

"Hapo umeuliza swali zuri," alisema. "Kwa miaka thelathini na moja niliendesha basi la shule. Kila kona niliambiwa na karatasi. Kisha mume wangu Lyle akapata kiharusi, na miaka tisa nikaendeshwa na kengele ya dawa. Hapana. Leo hakuna aliyenilazimisha. Ndiyo mara ya kwanza."

"Ungewaambia watoto."

"Ningewaambia, Darrell angelia, mimi ningebaki. Binti yangu amenitengenezea chumba Milwaukee. Mapazia amechagua rangi ninayoipenda. Watoto wangu ni wazuri, Marlys. Wangekuwa wabaya ningeondoka zamani."

"Dawa?"

Verna akatoa kisanduku chenye vyumba saba. Cha Jumatatu kilikuwa kitupu. Marlys akaandika.

"Sheria iko hivi," alisema. "Mtu mzima mwenye akili timamu akipatikana salama, naiambia familia yake kwamba yu salama. Mahali alipo sisemi mpaka yeye aruhusu."

"Nisiporuhusu?"

"Nafunga jalada narudi nyumbani, kama magoti yatakubali."

Verna alicheka, lakini hakuinuka. Marlys alitazama makombo chini ya benchi, kisha kikombe cha chai kilichokauka, kisha saa yake. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

"Ulifika hapa saa ngapi?"

"Saa tatu na robo."

"Una zaidi ya saa tatu umekaa hapa."

"Najua kuhesabu."

"Mguu?"

"Mguu mzima." Verna aliutazama mlango wa handaki. "Wamekuja watu sita kutoka upande wa pili, wakageuzia hapa. Wote wameniambia, 'Twende wote, mama.' Watu wema. Nikiingia na mtu nitakuwa nimeingizwa."

"Ni giza?"

"Nina taa." Tone la maji lilianguka ndani, na mlio wake ukaenda mbali kabla haujaisha. "Kiharusi kilimwachia Lyle neno moja tu. 'Ver.' Maji, 'Ver.' Maumivu, 'Ver.' Usiku, mchana. Mara nyingine alikuwa hataki kitu, alitaka tu nigeuke. Tangu Machi niko katika nyumba isiyoniita. Nimezoea, kuna redio, kuna Darrell. Lakini nilipoingia humo hatua ishirini sikusikia kitu chochote, Marlys. Chochote. Nikasimama nikangoja aniite. Mtu mzima mimi, nimeshika baiskeli, nangoja."

Marlys aliula mkate wake wote kabla ya kusema.

"Unataka nikuite kutoka hapa?"

"Hapana!" Verna alisema haraka. Kisha, kwa sauti ya chini, "Hapana. Usiniite. Unaweza kukaa tu?"

"Naweza kukaa."

"Usinifuate, usipige kelele, usinimulike. Kaa hapa mpaka nikupigie kelele mimi."

"Ni robo tatu ya maili. Ukishuka ukasukuma, dakika ishirini. Ikifika nusu saa naingia, upende usipende. Hiyo ni kazi yangu."

"Nusu saa," Verna alikubali. Alifunga kamba ya kofia chini ya kidevu, akakagua breki ya mbele, ya nyuma, kama dereva anayekagua basi kabla ya watoto. Akawasha taa. Mlangoni alisimama.

"Mwambie Darrell siku ya Jumatano," alisema bila kugeuka. "Mwisho wa njia, pale Stroud. Saa tisa hivi. Asije kunibeba, aje tu kunipokea."

Akaingia.

Marlys alikaa kwenye benchi, saa mkononi. Mwanga wa taa ulipungua ukawa kama mbegu, kisha njia ikapinda na mwanga ukatoweka. Dakika ya tano alisikia changarawe. Dakika ya nane changarawe ilinyamaza. Marlys aliinuka. Hakuita. Alihesabu matone ya maji, kumi na moja, kumi na mbili, mkono wake kwenye mlango wa mbao. Kwenye tone la kumi na tisa changarawe ilianza tena, polepole, kisha kwa mwendo mmoja usiobadilika. Baadaye hata hiyo haikusikika.

Dakika ya ishirini na tatu, kutoka upande wa pili wa kilima, sauti ilikuja ikijigonga ukuta hata ukuta, nzito, sauti ambayo kila mtoto wa kaunti hii aliwahi kuiogopa:

"KAENI CHINI HUKO NYUMA!"

Na baada yake kicheko, kirefu, kinachorudia.

Marlys alikaa chini. Alifungua daftari akaandika: *Saa saba na dakika ishirini na moja. Amepatikana. Ni mzima. Jalada limefungwa.* Halafu akampigia Darrell.

"Yu salama," alisema. "Nimemwona, nimezungumza naye, nimekula chakula chake. Mahali alipo siwezi kukuambia."

Marlys alisikia kiti kikisogezwa jikoni, na pumzi ya mtu anayejaribu kutolia akashindwa.

"Anatuchukia?"

"Amesema ninyi ni watoto wazuri. Amesema Jumatano, saa tisa, uwe Stroud mwisho wa njia. Umpokee, usimbebe."

"Nimpokee, nisimbebe," Darrell alirudia, kama anayekariri. "Lakini angeacha hata barua, afande. Hata mstari mmoja. Ameondoka kama mtu asiye na mtoto. Ametandika kitanda, ameosha kikombe, hakuna alichoniachia." Akavuta kamasi. "Na hawa kuku wake kelele zao zinanitia wazimu, tangu asubuhi."

Marlys alisimama.

"Kuku wamefungiwa?"

"Mlango umekomewa. Sijatoka nje, ulisema nikae karibu na simu."

"Mama yako huwafungulia saa ngapi?"

"Kukicha. Saa kumi na mbili na nusu, hajawahi kuchelewa."

"Alipokuwa akiondoka kulikuwa bado na giza, mbweha hawajalala. Asingewafungulia wakati ule. Na mtu aliyehesabu vidonge vyake, akajaza bahasha yake, akatandika kitanda chake, hawezi kuwasahau kuku, Darrell." Alitia daftari mfukoni. "Aliwaacha kwa sababu alijua utakuja saa mbili. Hakuwa na shaka hata kidogo."

Kisha Marlys alisikia viatu vya mpira vikivuka sakafu ya jikoni, mlango wa wavu, ngazi tatu za mbao, komeo likivutwa. Na mara kuku wote wakatoka kwa fujo, na Darrell, huku akicheka na kulia, akiwaambia taratibu, taratibu, mmoja mmoja.